Kazi Aliyoikataa Irma

Uwanja mdogo wa ndege wa Kotzebue, mji wa kaskazini kwenye barafu, ulifurika watu siku Irma alipogombania sanduku na mwanamume mrefu mwenye koti la buluu la manyoya.

"Kaka, hilo langu."

"Lako wapi? Hawa ni samaki wakavu wa mama yangu."

Mwanamume alipolifunua, akakuta udongo mweusi wa kinamasi, umefungwa kwa nailoni kama soseji.

"Heh! Dada, huko Fairbanks ndivyo mnavyokula?" alisema, akisoma lebo ya chuo kwenye sanduku.

Irma alicheka mpaka akashika mbavu. Akamweleza kwamba chavua ya mimea hunaswa kwenye udongo ule isioze. Yeye huihesabu kwa hadubini, akajua miaka elfu kumi iliyopita tundra yao, nyika ile ya baridi isiyo na miti, ilikuwa nyasi tupu au vichaka vya mierebi.

"Basi njoo uchimbe kwenye kambi yetu ya uvuvi," alisema yule mwanamume, Delbert. "Ila kwetu mgeni anakula kwanza."

Akaenda, akala, akachimba. Akarudi chuoni Fairbanks akiwa mpenzi wake, na kwa miaka miwili simu haikupoa.

"Umehesabu chavua ngapi leo, mpenzi?"

"Mia tatu."

"Na mimi umeniwaza mara ngapi?"

"Toka hapa, mchokozi we!"

Jumapili moja ya Machi, Delbert alipiga kwa sauti kavu. "Tuachane, Irma. Nimechoka kupenda simu." Akakata. Irma alipiga siku tisa mfululizo, haikupokelewa.

Agosti alirudi nyumbani Kotzebue. Akamkuta Delbert dukani, kwenye rafu za mikate.

"Nilikukosea nini, Delbert?"

"Hukunikosea. Binamu yako aliniambia umepata kazi kubwa chuo cha mbali. Nikangoja uniambie, kimya. Nikasema nisikufunge."

"Niliikataa! Niliikataa siku ileile. Nikaomba kazi hapahapa, nikataka nikushtukize."

Mkate ulimtoka Delbert mkononi. "Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Watu waliwapita na vikapu vyao. Delbert aliinama, akazungumza na viatu vyake.

"Niko na Rhoda sasa. Ana mimba yangu. Tunafunga ndoa mwezi ujao."

Irma aliokota mkate, akampa. "Mlee vizuri mtoto," alisema, akatoka kabla uso haujamsaliti.

Nyumbani mama yake alimtazama mara moja tu, akampakulia supu. Irma aliinywa yote, machozi yakidondokea bakulini. Asubuhi alifunga buti, akamwomba mjomba amvushe kwa boti akachimbe kwenye kinamasi kingine, kule ambako hakuna aliyemfahamu.