Kiganja cha Dobi

Dobi aliweka kiganja juu ya bamba la pasi ya moto, akaendelea kuzungumza.

Alikuwa amezama kazini. Si ajabu hiyo. Nani hajawahi kufika nyumbani asikumbuke njia aliyopita? Mkono ukishaizoea kazi, akili hujiondokea zake. Dobi naye akipiga pasi mashati mawili matatu, macho humganda, na hapo hata umtukane hasikii. Ila siku hiyo mkewe alipoingia na beseni la nguo, alimgeukia akasema kwa upole, "Umechoka, mke wangu. Keti kidogo."

Mke akabaki kaduwaa. Huyu bwana, tangu amwoe, maneno yake yalikuwa "chai" na "nyamaza". Chumba kilinuka udongo uliolowa mvua, na nje jua lilikuwa kali. Ngozi ya kiganja ikaanza kuvimba, mwenyewe anatabasamu.

"Mume wangu, mkono," alinong'ona.

Dobi akashtuka. "Nani kaniunguza? Ni wewe, mjinga mmoja wewe?"

Akaitwa shangazi yake dobi, mganga wa majini. Alinusa chumba, hakukawia.

"Mwenyewe huondoka, mwili akauacha wazi. Jini kapaona. Ukimwona kaondoka, mwite kwa jina alilopewa na mama yake. Ni wewe mkewe tu, mimi hanisikii. Ukichelewa, basi tena, hatakuwa na pa kurudi."

Kesho yake wakamvizia, shangazi kajibanza nyuma ya pazia. Pasi ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, macho yakaganda, harufu ya udongo ikajaa chumba kizima mpaka mke naye akahisi kope zinamlemea, na mvuke ukipanda polepole usoni mwa mumewe kana kwamba unamfuta.

"Kile kifua bado kinakuuma?" dobi akauliza.

Mwezi mzima mke alikuwa akikohoa, na nyumba nzima hakuna aliyemuuliza.

"Mwite," shangazi alinong'ona kwa woga. "Anazama huyo, mwite."

Mke akasikia. Chini ya sauti ile nzuri ilikuwepo nyingine, nyembamba, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, ikisema mke wangu, nakuomba, nitoe, mke wangu, naye mumewe kwa kinywa chake hajawahi kumwita hivyo hata siku moja. Aliitafuta huruma moyoni. Hakukuta kitu, ganzi tupu.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Kinauma," alisema. "Usiku hasa."