Mapipa Matatu ya Tope

Walikutana kwenye geti la kiwanda cha nguo saa ya kubadilishana zamu, watu wakisukumana kama mlango unafungwa milele. Binti wa maabara, ovaroli la bluu na kilemba cha manjano, alikuwa amekumbatia chupa ya maji ya kahawia. Fundi pampu, mgeni kazini, shati limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi, akamgonga kiwiko.

"Samahani, dada. Maji machafu hayo si umwage tu?"

"Nimwage wanangu? Humu mna bakteria, kaka. Ndio wanaokula rangi ya kiwanda kabla haijafika mtoni."

"Wanashiba?"

"Kuliko wewe. Wewe naona unakula kwa macho."

Kweli alikuwa anakula kwa macho, na hakuvimbiwa. Wakaanza kupigiana simu. "Mpenzi, umekula?" "Bado, nimewalisha wengine kwanza." Siku moja binti akamweleza kwa nini anawajali hivyo bakteria: mama yake anaishi kando ya mto, chini kidogo ya kiwanda, na kwa miaka mingi alichota maji ya mto, leo mekundu, kesho ya bluu, mpaka ngozi ya mikono ikachubuka.

Mama alipougua, binti akaenda kumuuguza. Fundi akataka kumfurahisha. Alidhani bakteria wanakaa kwenye chupa, kama dawa; hakujua tope la kwenye tangi la kusafishia maji ya kiwanda ndio wao. Akalizoa lote, akasugua tangi, akapiga simu.

"Malaika wangu, tangi linang'aa kama sahani mpya!"

"Umetia nini?"

"Klorini. Madebe mawili."

"Umewaua."

"Nani?"

"Wote."

Asubuhi mto ukapita mwekundu mbele ya mlango wa mama. Meneja akatoa wiki mbili: tangi lisipofanya kazi, litafungwa, na maji yatamwagwa mtoni kama zamani. Binti akarudi kazini, uso umemkauka. Siku tisa hakupokea simu ya fundi. Siku ya kumi simu haikulia, ikabidi aulizie, akaambiwa ameondoka tangu juzi. Kakimbia, walisema.

Jioni lori likaingia. Nyuma, katikati ya mapipa matatu wazi, fundi alikuwa amesimama na mwiko mkubwa, anakoroga. Harufu ilitangulia kushuka. Shati halikuwa na rangi ya kutajika.

"Nimeliomba tope hili kiwanda kingine cha nguo," alisema. "Nimewakorogea hewa njia nzima. Ulisema wakikosa hewa wanakufa."

Binti alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akainama muda mrefu.

"Wanatembea," akasema, jicho bado kwenye hadubini.

"Nisamehe."

"Mama yangu anatembea mwendo wa saa nzima kufuata maji kwa sababu yako."

"Najua. Nimepita kwake. Nilimwambia ni mimi niliyefanya."

"Akasemaje?"

"Alinitazama, akaniambia nikaoge."

Binti akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Basi msikilize mkweo. Ukishaoga, tuma wazee."