Mama Buni Aonja Kahawa Yake

Mama Buni aliisikia boti kabla hajaiona. Aliujua mlio wa injini ile kama alivyoujua mkoromo wa mumewe. Na si ajabu, kwa sababu mwenye boti na mwenye mkoromo walikuwa mtu mmoja.

"Wageni hao," alisema. Akajifunga kitambaa kichwani, akashika ufagio, akaenda kufagia uwanja.

Familia hii iliishi kisiwani, katikati ya ziwa. Kazi yao ilikuwa kutembeza wageni, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Mume, ambaye watu wote walimwita Nahodha, aliwachukua wageni mjini asubuhi kwa boti. Hakuwasha injini mpaka kila mmoja avae jaketi la kuokolea na kulifunga kifuani.

"Lakini mimi najua kuogelea," mgeni mmoja alimwambia siku hiyo.

"Hata samaki anajua," Nahodha alijibu, "na bado tunamvua. Vaa, ndugu yangu."

Binti yao naye aliwapandisha wageni kilimani kwa miguu. Wazazi walimtania kwa kumwita Kiongozi, na yeye alilipenda jina hilo. Aliwaonyesha ndege na maua ya porini. Walipofika kileleni aliwaacha wapumzike na kutazama ziwa lote. Kisha aliwashusha upande wa pili hadi shambani kwa mama yake.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu wa safari, kwa maoni ya Mama Buni mwenyewe. Wageni walichuma kahawa mitini. Halafu aliwatolea kahawa iliyokwisha kukauka, wakaitwanga kwenye kinu, wakaikaanga, wakaisaga. Mwisho walikaa kwenye benchi na kunywa. Mama Buni aliwaongelesha, akawaimbia, akawacheka walioshika mchi kama wanashika kalamu. Zamani alikuwa mkulima tu, na hakuna aliyemuuliza neno. Mbele ya wageni alijiona mwalimu. Alifurahi sana siku za wageni, na hakuficha furaha hiyo.

"Kahawa nzuri sana, mama," walimwambia siku hiyo, kama wageni wote walivyosema.

"Najua," alijibu.

Wageni waliposhuka kwenda ufukweni, Mama Buni aliona kofia imeanguka nyuma ya benchi. Alikwenda kuiokota. Alipoinama, alibaki ameinama hivyo hivyo. Majani yote nyuma ya benchi yalikuwa yamelowa kahawa. Haikuwa kahawa ya kikombe kimoja. Ilikuwa ya vikombe vyote.

Jioni boti iliporudi, aliwakuta mumewe na binti yake wakinawa mikono.

"Kiongozi," alisema, "wageni wanamwaga kahawa yangu. Unajua?"

Binti alitazama chini. "Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Na kuna jambo jingine. Meneja wa ofisi ya safari inayotuletea wageni amesema msimu huu ukiisha, wageni hawatakunywa kahawa hapa tena. Watapelekwa kwenye shamba jingine, ng'ambo ya ziwa. Sisi tutabaki na boti na kilima."

"Na mimi?"

Binti alichukua kitambaa akajifuta mikono.

Mama Buni aliumia. Aliumia kwa sababu ya shamba, lakini zaidi aliumia kwa sababu ya yale maneno matamu. "Kwa hiyo wamekuwa wakinivika kilemba cha ukoka, nami nimekivaa na kutembea nacho! Na wewe mwanangu ukanyamaza!"

"Nilikuona unafurahi, mama. Nilishindwa kukwambia."

"Leta kikombe. Kahawa ya leo bado ipo kwenye birika."

Nahodha na binti walitazamana. Nyumba hii ilikuwa na kahawa mpaka mlangoni, lakini hakuna aliyeinywa. Kahawa ilikuwa ya kuuza na ya wageni. Wao wenyewe walikunywa chai tangu walipooana.

Mama Buni alikunywa funda moja. Macho yalimtoka. Alikwenda mlangoni akatema.

"Nahodha! Hii ni kahawa au ni maji ya injini yako?"

Nahodha alichukua kikombe akaonja. Alifikiri kidogo. "Mbona mimi naiona ya kawaida?"

"Utaionaje? Pua yako ilishafunga ndoa na petroli!"

Binti alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akasema kwa upole, "Mama, nimwombe meneja aje aonje mwenyewe kabla msimu haujaisha?"

"Usimwombe," alisema Mama Buni. "Mkaribishe. Mwambie aje mwisho wa msimu. Atakuta kahawa."

Alikuwa hajui bado atafanya nini. Lakini alijua wa kumuuliza. Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, bibi shamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima wa kisiwa kile. Alimbebea kahawa kwenye chupa ya chai.

"Dada, mficha uchi hazai," alisema. "Onja, uniambie ukweli wote. Usinionee huruma."

Bibi shamba alionja. Hakutema, lakini hakurudia. "Twende kwako," alisema. "Nataka kuona kahawa hii inapita wapi kabla ya kufika kikombeni."

Walianzia shambani. Mama Buni alimwonyesha jinsi wanavyochuma. Alishika tawi juu, akalivuta hadi chini kwa mkono mmoja. Matunda yote yalianguka kapuni, mekundu, ya njano na ya kijani.

"Kwa nini mnavuta hivyo?"

"Ni haraka. Na wageni wanapenda."

"Haraka haraka haina baraka," alisema bibi shamba. Alichukua tunda moja la kijani. "Litafune."

Mama Buni alilitafuna, akakunja uso. Lilikuwa gumu na chungu.

"Sasa hili jekundu."

Lilikuwa na maji matamu. Mama Buni alilinyonya mpaka likaisha. "Nimelima miaka yote hii," alisema, "na sijawahi kulitia mdomoni!"

"Kahawa haiivi yote siku moja," bibi shamba alieleza. "Inaiva kwa zamu. Chuma nyekundu tu, moja moja. Za kijani ziache, utazirudia zikiiva. Ukichanganya, zile mbichi zinaharibu ladha ya zile mbivu. Ukimaliza kuchuma, mwaga kahawa yako kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni mbovu au tupu, zitoe. Zinazozama ndizo za kuanika."

"Na hizo tunazianika pale." Mama Buni alionyesha uwanja wa nyuma. Kahawa ilikuwa imetandazwa chini, juu ya udongo. Kuku wawili walikuwa wakitembea juu yake, na mmoja alisimama akajisaidia bila aibu.

Wanawake wale wawili walimtazama kuku huyo.

"Usiseme," alisema Mama Buni. "Hilo nimeliona mwenyewe."

"Basi tengenezeni chanja," alisema bibi shamba. "Ni meza ndefu ya miti, juu yake mnatandika wavu safi. Iwe juu, ifike kiunoni, hewa ipite chini na juu. Tandaza kahawa kwa wembamba, igeuze mara kwa mara. Mvua ikija, ifunike. Jioni pia ifunike, isipate umande. Imekauka lini? Chukua tunda, litikise sikioni. Buni ikicheza ndani na kutoa mlio, iko tayari. Sasa nionyeshe stoo."

Mama Buni alifungua mlango wa stoo. Magunia ya kahawa yalikuwa upande mmoja. Upande wa pili yalikuwa madumu ya petroli ya Nahodha, nyavu zake za zamani na matambara ya kufutia injini. Bibi shamba alisimama mlangoni. Hakuingia. Alivuta pumzi mara moja tu.

"Dada," alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Kahawa ina tabia ya jirani mdaku, haipitwi na kitu. Harufu yoyote iliyo karibu inaichukua na kwenda nayo. Petroli, samaki, sabuni, hata vitunguu. Usiiweke karibu na kitu chochote chenye harufu. Na kwa usalama, petroli isikae kwenye nyumba ya watu kabisa. Itafutieni kibanda chake mbali na moto."

"Hii tuliyonayo je? Naweza kuiosha?"

"Harufu hiyo haitoki. Anza upya na mavuno ya sasa. Matunda bado yako mitini."

Siku hiyo hiyo Mama Buni aliitangazia familia mambo hayo yote. Nahodha alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Petroli niipeleke wapi?"

"Kibanda cha zamani kule kwenye mawe, mbali na jiko."

"Ni mbali na boti."

"Ni mbali na kahawa pia. Hilo ndilo ninalolitaka."

Nahodha alikuwa mtu wa kulalamika kwanza na kufanya baadaye. Alilalamika huku akibeba madumu. Alilalamika huku akikata miti ya chanja. Walipofika kwenye wavu, uso wake ulichangamka. "Wavu ninao! Ule wangu wa kuvulia, haujachanika sana."

"Nahodha!" Mama Buni alishika kiuno. "Tumetoka kwenye petroli, sasa unataka tuingie kwenye samaki?"

Walinunua wavu mpya. Stoo waliifagia, wakaiosha, wakaiacha wazi mpaka harufu ikaisha. Walipanga mbao chini, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Magunia yenyewe yalikuwa mapya na safi.

Kazi iliongezeka, na Mama Buni hakusema uongo kuhusu hilo. Kuchuma moja moja kulimuumiza vidole. Alirudi kwenye mti ule ule tena na tena. Watu waliopita walimuuliza kama anachuma kahawa au anachagua mchumba. "Mchumba nilichagua kwa haraka," aliwajibu, "ndiyo maana kahawa naichagua taratibu." Nahodha alikuwa karibu, akasikia, akacheka kuliko wote.

Siku moja mvua ilitoka ziwani ghafla. Mama Buni alikuwa upande wa juu wa shamba. Alikimbia mpaka akateleza, akijua kwamba kahawa yote ya msimu iko juu ya chanja. Alipofika uwanjani, alikuta imefunikwa vizuri, na mawe yamewekwa pembeni. Nahodha alikuwa amesimama hapo, amelowa chapachapa, na dumu la petroli limelala njiani alikolitupa.

"Nilikuwa nalipeleka kibandani," alisema. "Nikaona wingu."

Mama Buni alimshukuru, na hakumtania kwa muda mrefu kidogo.

Kahawa ilikauka. Alipoitikisa sikioni, ilitoa mlio. Waliitwanga, wakaipepeta, wakajaribu kuikaanga kwa moto wa wastani, wakiigeuza bila kuacha mpaka punje zote zikawa na rangi moja. Nyumba nzima ilinukia. Mama Buni alionja kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimaliza kikombe, kisha akamwambia binti yake, "Sasa mwite meneja."

Meneja alifika na wageni mwisho wa msimu. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye miwani, aliyevaa jaketi lake la kuokolea bila kuambiwa. Alipanda kilima na wenzake. Aliposhuka shambani alimsalimia Mama Buni kwa heshima, lakini macho yake hayakutulia. Ilionekana alikuwa na jambo zito la kusema.

Kijana mmoja kati ya wageni alishika tawi akataka kulivuta. Mama Buni alimshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Nyekundu tu. Hizo za kijani zina siku yao."

Aliwapa kila mmoja tunda bivu walionje. Aliwapeleka kwenye ndoo, wakashangaa kuona kahawa mbovu inavyoelea. Aliwaonyesha chanja. Waliuliza maswali mengi kuliko siku zote, na alikuwa na jibu la kila swali. Kisha walikaanga, wakasaga, wakakaa.

Mama Buni alimimina. Kwa siku nyingi alikuwa ametunga hotuba ya kumwambia meneja. Ilikuwa hotuba kali, yenye methali, na ilianza na maneno "Mimi si mtu wa kuondolewa." Alisimama karibu na birika akiisubiri nafasi yake.

Meneja alinusa kikombe. Alikunywa kidogo. Akanywa tena. Wageni wengine nao walikuwa wakinywa.

"Mama," meneja alisema mwishowe, "hii mmeinunua wapi?"

"Imetoka kwenye miti hiyo unayoiona. Tulikuwa tunaichuma vibaya na kuihifadhi vibaya. Tumejifunza."

Meneja aliweka kikombe chini. Kilikuwa kitupu. "Nitakuwa mkweli kwako. Nilikuja leo kukuaga. Nilishaandaa na maneno ya kusema."

"Hata mimi niliandaa yangu," alisema Mama Buni.

"Basi yangu nayaacha. Wageni wataendelea kuja hapa. Na nitaomba Kiongozi apunguze muda wa kilimani, ili wakae na wewe zaidi."

Mama Buni alifungua mdomo. Hotuba yote ilikuwa imekimbia. Hakubaki na methali hata moja. Machozi yalimshuka mbele ya watu, naye hakujali.

"Kiongozi! Njoo haraka!" Nahodha aliita. "Mama yako amekosa la kusema! Njoo uone, halitatokea tena!"

Wageni walicheka. Mama Buni alicheka pia, akafuta uso kwa kiganja, akanyanyua birika.

"Leteni vikombe," alisema. "Nani bado sijamwongezea?"