Nikupokee, Bibi?

Jioni ile nilitoka kununua mkaa tu. Jua lilikuwa linazama upande wa mjini, upepo wa Julai unaleta vumbi la Nzuguni mpaka kwenye meno, na mimi nilikuwa natembea huku nanung'unika, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimehamishiwa Dodoma, wizarani, tangu mwanzo wa mwaka. Watu wa Tukuyu walinipongeza. Mimi nililia njia nzima, mpaka abiria wa pembeni yangu akanipa leso yake na kuhamia kiti kingine.

Sikuzoea. Kwetu mvua inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Huku hata jasho linakauka kabla hujalifuta. Nilizitukana ndizi za sokoni. Niliwanunia majirani wasio na kosa. Kila jioni nilimpigia mama simu na kumwomba aiweke dirishani, nisikilize mvua inavyopiga kwenye migomba. Mama alinicheka, lakini aliiweka. Nilisikiliza mpaka chaji ikaisha.

Basi nilipofika kwenye korongo dogo, kabla ya kibanda cha mkaa, nikasikia harufu.

Mvua.

Udongo uliolowa, majani ya mgomba, moshi wa kuni mbichi... Julai hiyo. Dodoma hiyo. Nilisimama nikainua pua kama mbwa. Angani hapakuwa na wingu hata moja.

"Ugonile."

Hiyo ni salamu ya kwetu Unyakyusa. Sikuwa nimeisikia kwa mdomo wa mtu, ana kwa ana, tangu nihame. Nikageuka. Bibi mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, amejitwika furushi, shingo imezama mabegani kwa uzito. Miguu yake ilikuwa imelowa. Naapa niliiona ile miguu, vumbi limegandana kwenye vidole likawa matope. Mtu mwenye akili zake angejiuliza bibi huyu amelowea wapi. Mimi nilisikia Kinyakyusa tu, akili ikafunga duka.

Nikachuchumaa kumsalimia, kama tulivyolelewa. Nilimwuliza anatokea wapi, akasema nyumbani. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema nyumbani. Sikuona ajabu. Kisha nikafanya jambo ambalo mama angenichapa kama nisingelifanya, maana kwetu, na nadhani hata kwenu, huwezi kusimama unaongea na mtu mzima aliyejitwika mzigo.

"Nikupokee, bibi?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Asante. "Nipokee."

Lilikuwa zito... zito kuliko ukubwa wake. Lilifungwa kwa khanga iliyopauka na kukazwa kwa kamba za mgomba. Nilipolituliza kichwani, harufu ya kwetu ilinimwagikia usoni nikafumba macho kwa raha. Nilipoyafumbua, bibi alikuwa amenyooka. Shingo yake ilikuwa ndefu, na uso haukuwa tena wa kizee. Hakuaga. Aliondoka haraka haraka, na nyayo zake mbichi zilikwenda hatua chache kwenye vumbi, zikakatika.

Pale pale, katikati ya njia.

Mkaa sikununua.

Utasema ningelitupa. Ukweli ni kwamba nilifurahi nalo. Nililiweka kando ya kitanda, na siku za mwanzo nililala kama mtoto. Chumba kizima kilinukia mvua. Fundo halikufunguka, hata kwa kisu, wala sikujali. Niliacha kumpigia mama simu, kwa sababu mvua niliyokuwa naitafuta dirishani kwake ilikuwa imehamia kwangu.

Halafu jioni moja nilijikuta nimesimama nje ya geti, furushi kichwani. Sikukumbuka kulibeba. Jioni iliyofuata nilijikuta mbali zaidi, kwenye vichaka. Kila jua likianza kuzama, miguu ilikuwa inaondoka, na mimi nimo ndani yake kama abiria. Chakula kikaanza kunishinda. Asubuhi nikichana nywele, za utosini zilitoka kwa mafungu, zikaacha duara, pale pale mtu anapoweka ngata.

Aliyenirudisha ni Mama Lameck, mwenye nyumba wangu. Ni Mgogo wa hapa hapa, mama mwenye maneno mengi na sauti ya kuita mbuzi walio Bahi. Alikuwa anawatafuta hao hao mbuzi wake aliponikuta kando ya reli ya zamani, nyayo zinanitoka damu, nikienda mashariki. Kwetu ni kusini magharibi. Sikuwa hata nimeelekea kwetu.

Alinipokonya furushi, akalinyanyua kwa mkono mmoja na kulipima hewani kama kikapu kitupu.

"Yaya wee," alinong'ona. "Halina kitu hili."

"Ni zito, mama."

"Kwako. Mimi niko kwetu."

Tukiwa njiani alinisimulia, tena kwa sauti ya chini, na hiyo peke yake ilinitisha. Zamani nchi hii ilipitiwa na misafara, wapagazi wa kila kabila wakitoka bara kwenda pwani, na nyika ya hapa ina kiu mbaya. Mpagazi akianguka hakuzikwa. Mzigo wake ulipewa mwenzake, safari ikaendelea. Marehemu bibi yake alimwambia kwamba ipo mizigo ambayo haijafika hadi leo. Wenyeji haiwagusi. Inamtafuta mgeni anayelilia kwao, na inamsalimia kwa lugha ya kwao. Ndani mna nini, Mama Lameck hakujua, na hakutaka kujua. Ukilichoma halishiki moto, ukilitupa utaamka nalo. Anayeweza kukutua ni mgeni mwenzako tu, mwenye hamu ya kwao kama wewe, akikupokea kwa hiari yake.

Hapo alisimama, akanishika mkono.

"Ningekupokea mimi, mwanangu, ila kwangu halikai. Sasa nakuomba, usimpe mtu. Tutakwenda kuomba kanisani, tutatafuta njia. Umenisikia?"

Nilimwambia nimesikia.

Ofisini kwetu, kule Mtumba, alikuwepo karani aliyehamia baada yangu. Elisante, Mpare wa Same. Shati limenyooshwa kila siku, mpole mpaka anakera. Chakula cha mchana alikula peke yake, spika ya simu sikioni, akisikiliza kwaya ya kanisa la kwao. Siku moja aliniuliza kama hali hii huisha. Nilimwambia huisha. Na alikuwa na ugonjwa mmoja, Elisante: hawezi kumwona mtu amebeba kitu. Maboksi ya faili, ndoo za wafagizi, mabegi ya akina mama wajawazito kituoni... vyote vilipita mikononi mwake.

Nililijua hilo. Naomba tuelewane hapo. Sikusukumwa na pepo wala miguu yangu haikunibeba. Nilimwaga chai yangu bila kuinywa, nikaondoka kazini mapema, nikarudi na furushi, nikasimama kwenye njia anayopita kila jioni. Na nilipomwona anakuja niliguna kidogo, kama mtu aliyechoka.

"Dada Bupe, nikupokee?"

Ningesema hapana. Ni neno dogo, hata mtoto wa chekechea analiweza.

Niliinamisha kichwa ili alifikie vizuri.

Shingo ilimzama mabegani alipolitwaa. Kisha akavuta harufu, uso wake wote ukafunguka, sijawahi kumwona na furaha ile.

"Dada... umepata wapi tangawizi ya kwetu?"

Shingo yangu ilikuwa imenyooka, na mwili mwepesi, mwepesi mpaka nikaona aibu. Niliondoka haraka haraka bila kuaga. Ndipo nilipomwelewa yule bibi.

Haikupita muda Elisante akaacha kuja kazini. Simu yake haikupatikana. Dereva mmoja alisema amemwona kule Gulwe, jioni, akifuata reli na mzigo kichwani, na alipompigia honi hakugeuka. Mama yake alitafuta namba yangu, akanipigia kutoka Same. Aliniita mwanangu. Alisema mara ya mwisho walipoongea, Elisante alimwambia yuko njiani anakuja nyumbani, kwa hiyo yeye kila jioni anampikia. Aliniuliza kama nimesikia lolote. Nikasema sijasikia. Alinishukuru, mama wa watu, akaniombea baraka.

Mama Lameck aliliona pengo kando ya kitanda changu. Hakuniuliza. Ila tangu siku hiyo ameacha kuniita mwanangu. Mbele za watu ananiita mpangaji.

Nilijiapiza jambo moja. Elisante akitokea tena, nitampokea. Potelea mbali miguu na nywele. Nililirudia kila siku nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, nikiwa kitandani. Ndilo lililoniwezesha kula.

Ametokea juzi, magharibi. Nilikuwa nawasha jiko. Hodi ilipigwa mara moja, taratibu, na sauti ikasema upande wa pili wa mlango:

"Ugonile."

Elisante hajui Kinyakyusa.

Nilifungua. Shati lilikuwa lile lile, limebaki kola na vishikizo. Shingo imezama mabegani. Utosi mtupu. Ngozi ya uso imekunjamana kama ya mtu aliyenizaa, na miguu yake... ilikuwa imelowa. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama yule bibi alikuwa bibi kweli, au naye alikuwa msichana fulani aliyewahi kuhamia hapa.

"Dada," akasema kwa Kiswahili, kwa shida. "Nimechoka."

"Nikupokee, Elisante," nikasema. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Nikanyoosha mikono, akaniachia.

Lilikuwa jepesi.

Nililishika kwa mikono miwili, halafu kwa mmoja. Kikapu kitupu. Nikalisogeza puani nikavuta pumzi kwa nguvu. Lilinuka khanga kuukuu, basi. Mama Lameck alilinyanyua vile vile, lakini Mama Lameck yuko kwao. Mimi nilisimama na kale kauzito ka bure mkononi, nikaanza kujitafuta.

Elisante alikuwa ananitazama. "Halikai kwako?"

"Subiri," nilisema. "Subiri kidogo."

Nilimpigia mama. Nilikuwa sijampigia tangu lile furushi liingie ndani, na simu zake nilikuwa naziacha zinaita. Alipokea huku analia kwa furaha. Nilimkatisha. Nilimwuliza kama mvua inanyesha, akasema inanyesha tangu asubuhi. Nikamwomba aiweke simu dirishani, kama zamani.

Tulisikiliza pamoja, mimi na Elisante, simu katikati yetu. Nilifumba macho. Niliita migomba, ukungu wa asubuhi, jiko la mama, njia ya kwenda mtoni. Vyote vilikuja. Niliweza kuvitaja kimoja kimoja, kama mtu anavyotaja habari za mkoa aliousoma shuleni. Nikakaza moyo. Nikajifinya paja mpaka nikaumia. Nikamwomba Mungu anipe hamu ile ile niliyokuwa namlilia aniondolee, hata kidogo tu, hata ya kunitosha kubeba jioni moja.

Ilikuwa kelele tu. Kitu kinakaangwa mbali.

Nilipofumbua macho, Elisante alikuwa ameshaelewa. Hakunilaumu, na afadhali angenitukana. Aliniondolea furushi mikononi taratibu, kwa adabu yake ile ile ya ofisini, akajitwika. Shingo ikazama. Akageuka kuelekea reli.

Nilibaki mlangoni na simu mkononi. Upande wa pili mama alikuwa bado ananiuliza kama nasikia.