Chungu Kisichokauka

Vyungu vya wenzake vilikauka, cha Bhoke kikakataa. Kilikaa juu ya chanja katika kibanda cha fundi wao, Mama Nyarangi, huko Suna, kikitoa jasho kwa ndani, na ukikiinamia kilinuka ziwa: magugu yaliyooza na samaki waliosahauliwa juani.

"Nyinyi Wakuria mnakanda udongo na uji?" Liz, mwanafunzi mwenzake, alimtania.

Bhoke alitabasamu kwa sababu mtu akitaniwa hutabasamu. Tangu mumewe, Wangwe, azame kwenye magugu ya ziwa kule Muhuru Bay mwaka ule wa tisini na saba, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Maiti haikuonekana na matanga hayakukaliwa. Miezi miwili baadaye alijifungua binti, akampa jina Matiko, na hata uchungu wa kuzaa aliusikia kwa mbali kama ugomvi wa majirani.

Siku walipoanza mafunzo, kabla ya kushuka mtoni kuchimba udongo, Mama Nyarangi aliwauliza wanafunzi wake swali analouliza kila kundi.

"Kuna mtu hapa ako na msiba haijaisha? Aseme tu. Aende nyumbani amalize, mimi nitamngoja. Lakini asichimbe."

Bhoke alinyamaza. Nyumbani maana yake ni kwa wakwe waliomhesabu mzigo, na ufinyanzi huu ndio ungemlisha Matiko. Mficha uchi hazai, wasema wahenga. Yeye alikuwa ameshazaa, kwa hiyo akaficha. Akashika jembe, akachimba.

Tangu chungu kile kisimame kwenye chanja, mwili wa Matiko ulikuwa ukipoa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alinyonya kidogo kidogo, akalala mno, na kila alipoamshwa nywele zake zilikuwa zimelowa maji. Zahanati walisema si malaria. Bhoke alimfunika blanketi la pili, akaendelea na kazi.

Adhuhuri moja, wenzake walipokwenda kula, fundi alipita akigonga vyungu kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kipi kimekauka vya kutosha kuingia motoni. Vyote vililia vizuri. Alipokigonga cha Bhoke, kilikaa kimya. Kisha kikagonga chenyewe, kutoka ndani.

Mama Nyarangi alirudisha mkono wake kifuani polepole.

"Umeskia?" alinong'ona.

"Nimeskia." Bhoke hakuogopa, na hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi.

"Nyathina, mtoto wangu, ulikuwa na msiba?"

"Bwanangu. Alizama."

"Na ukaniangalia hivi kwa macho, ukanyamaza." Hakufoka. Alikuwa akimtazama Matiko, aliyelala mkekani chini ya chanja, midomo yake imegeuka rangi ya majivu. "Kesho tunachoma. Hii kitu ikipita moto, hiyo jini imefuata msiba yako kwa udongo itakuwa imepata nyumba, na huyu mtoto utamzika. Ni wewe uliitoa mtoni, kwa hivyo ni wewe utavunja. Itaongea. Usiijibu."

Bhoke akakinyanyua kile chungu, nacho kilikuwa kizito kupita udongo uliokifinyanga, na harufu ya ziwa ikampanda puani, na maji yakaanza kumchirizika viganjani ingawa hakuna aliyetia maji humo, na kule chini, mahali ambapo palipaswa kuwa na shibiri mbili tu za giza, mtu akakohoa kile kikohozi cha mvuta sigara alichokijua kitandani kwake, kisha akamwita.

"Bhoke. Nasikia baridi."

Ilikuwa sauti ya Wangwe. Kitu kikamuuma kifuani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na uchungu ule ulikuwa mtamu. Alitaka kumjibu. Mdomo ulikwisha kufunguka. Mama Nyarangi alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Usiniache peke yangu," sauti ilisema kwa upole. "Nipe Matiko. Nipe nimlaze hapa."

Wangwe alizama mtoto akiwa bado tumboni. Jina hilo hakulijua.

Bhoke akakibwaga chini.

Udongo ulitapakaa, maji meusi yakapita mlangoni yakielekea mtoni, na Matiko akatapika maji, akalia kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa. Bhoke akampakata. Alikuwa na joto. Alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa.

"Imeenda?"

"Imeenda." Mama Nyarangi alikuwa akizoa vile vipande kwenye karai, avirudishe mtoni. "Lakini jini hazitokangi mikono mitupu."

Bhoke alifumba macho, akajaribu kumsikia Wangwe akimwita kama zamani, wakiwa wawili tu. Aliiona midomo yake ikisogea. Sauti haikuwepo. Akajaribu tena, akajua kwamba hapo alipaswa kulia.

Akamhamishia mtoto titi la pili.