Ajali ya Mteremko wa Riyam

Maiti ya Ishaq ilikutwa imebanwa nyuma ya usukani, chini ya mteremko wa Riyam, saa tisa alasiri, tarehe sita Ramadhani, mwaka 1970. Saruji ilikuwa imemfunika mpaka kifuani. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika mpini mdogo wa chuma kando ya kiti.

Kabla hajazikwa, Muscat nzima ilikwisha ambiwa kuwa dereva alikuwa amelewa. Aliyesema ni mwenye lori, Yaarub, na watu wakameza bila ya kutafuna. Mazikoni walikwenda wanne tu. Mjane wake, Hamdiya, alikaa eda peke yake, hakuna jirani aliyempelekea hata sahani ya futari. Watu wazima, na saumu zao!

Inspekta Sleyum, aliyekuwa askari Unguja kabla ya kuhamia Muscat, alizungumza naye, mjane akiwa nyuma ya pazia.

"Siku ile alikula daku?"

"Alikula tende na uji, akanuia, akatoka. Bwana Inspekta, mie nnamjua mume wangu. Ulevi hajapata kuuonja. Mmenizikia mume, na jina lake nalo mnalizika?"

"Lori lilikuwa na kasoro?"

"Wiki nzima lilikuwa bovu. Aliapa hashuki Riyam mpaka breki ya moshi itengenezwe."

Kesho yake ilikuja ripoti ya daktari aliyeipima maiti kabla ya maziko: tumbo tupu, hakuna dalili ya pombe. Sleyum akamchukua fundi Mahfoudh, wakaingia chini ya lori.

"Hii si injini ya lori," alisema fundi.

"Mbona chapa ni ile ile?"

"Kiwanda kimoja, dizeli moja. Lakini hii ya pikapu, huzunguka haraka kwa mzigo mwepesi. Ya lori huzunguka polepole, na bomba lake la moshi lina kilango. Dereva akivuta mpini, moshi huzibwa, injini ikazuia gari; hiyo ndiyo breki ya moshi. Bila ya hicho, breki za mguu huungua mteremkoni."

"Na mpini huu?"

Fundi aliufuata waya kwa kidole. "Umefungwa kwenye fremu tu. Hauzuii kitu."

Sleyum alitoka chini ya lori, akaagiza mwenye lori aletwe. Jioni hiyo hiyo Yaarub alikaa mbele yake kituoni.

"Injini ya lori iko wapi?"

"Imekufa. Mpya inatoka Bahrain, miezi miwili. Kazi ya saruji wangempa mwengine."

"Ukatia ya pikapu yako."

"Kwa muda tu, Inspekta."

"Waya nani aliufunga?"

Yaarub alitazama meza. "Mimi. Ulikuwa unaning'inia. Angeujaribu ukalegea, asingeondoka."

"Alikuuliza?"

"Asubuhi ile. Nikamwambia nimeshatengeneza. Akasema alhamdulillahi, akapanda."

Sleyum alipiga meza kwa kiganja. "Na ulevi je? Mtu umeshamuua!"

"Dereva akiambiwa kalewa Ramadhani, watu hawamziki. Nani tena angekuja kufunua injini?"

Inspekta alimtia pingu, akazikaza.

"Simama. Tunapita mtaani kwake, mlango kwa mlango. Utasema kwa mdomo wako kuwa Ishaq alikufa na saumu yake, na aliyemuua ni wewe."

"Na watu wote hawa wananijua!"

"Ndiyo maana. Mlango wa kwanza ni wa mjane wake."