Jibu Lililokuwa Kwenye Swali

Kila asubuhi Itzel na Fermín walinunua gordita, vimkate vinene vya mahindi vilivyojazwa maharage, nje ya lango la shule yao huko Torreón, wakala huku wakilinganisha kazi za hesabu. Siku waliporudishiwa mtihani, Itzel alizilinganisha karatasi zao. Fermín alipata kumi kwa kumi, yeye nne.

Swali liliwataka wathibitishe, hatua kwa hatua, kwamba tanjenti jumlisha kotanjenti ni sawa na moja gawanya kwa saini mara kosaini. Itzel alifika kwenye sehemu mbili za kujumlisha, akashindwa, akaandika, “Hapa nimekwama.” Fermín naye alikwama hapo hapo. Yeye alinakili mwisho kutoka kwenye swali, kisha akaziba pengo kwa mstari wa kubuni: saini jumlisha kosaini ni moja.

“Huu ni uongo mtupu!” Itzel alifoka.

“Wivu huo, dada. Mwisho si ule ule?”

Itzel alimfuata Mwalimu Renata mbele ya darasa, akiwa na karatasi zote mbili. “Samahani, mwalimu, lakini hii si haki! Niliyesema kweli nimenyimwa, aliyedanganya amejaziwa!”

“Unanifundisha kusahihisha?”

“Hapana, mwalimu. Weka nyuzi arobaini na tano, uone.”

Mwalimu akapiga hesabu ubaoni. Saini, sifuri nukta saba. Kosaini, vivyo hivyo. Jumla ikapita moja kwa mbali.

“Nilitazama mwanzo na mwisho tu,” alisema. “Kosa ni langu.” Akaikata ile kumi. “Lakini Itzel, nne yako inabaki. Shika chaki. Sehemu zenye asili tofauti hujumlishwaje?”

Itzel, bado amenuna, akatafuta asili moja. Juu pakatokea mraba wa saini jumlisha mraba wa kosaini. Akaduwaa. “Kumbe! Jumla ya miraba yao ndiyo moja!”

“Mimi je?” Fermín alilalamika. “Jibu si nilipata?”

“Jibu gani, mwanangu? Jibu niliwapa mimi, liko kwenye swali. Niliwaomba njia.” Mwalimu akampa chaki. “Mwenzako aliposema amekwama, nilijua pa kumshika mkono. Wewe uliyejifanya umefika, ningekushika wapi? Haya, anza upya.”